Bendi iliyoshuka mji usio wake: Filamu ya taratibu ambayo mvuka mipaka ataielewa

Wanaume wanane wamesimama nje ya uwanja wa ndege nchini Israel. Wamevaa sare za rangi ya samawati zilizopigwa pasi vizuri, na kila mmoja ana mizigo yake na ala yake ya muziki. Wametoka Alexandria, Misri. Ni bendi ya polisi iliyoalikwa kutumbuiza katika ufunguzi wa kituo cha utamaduni wa Kiarabu. Aliyepaswa kuwapokea hayupo. Wanasubiri, wanatazamana, wanasubiri tena. Mwishowe kiongozi wao, Tawfiq, mtu wa heshima zake asiyependa kuomba msaada, anaamua kwamba watajifikisha wenyewe kwa basi.

Wanafika, ila siko walikoalikwa. Basi linawashusha katika mji mdogo wa jangwani wenye majengo machache ya ghorofa na barabara tupu, ambako hakuna kituo cha utamaduni wa aina yoyote. Basi jingine ni kesho. Hoteli hakuna. Kilichopo ni mkahawa mmoja na mama mwenye mkahawa huo, anayewatazama kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuuagiza.

Hiyo ndiyo The Band's Visit, yaani Ujio wa Bendi, filamu ya mwaka 2007 iliyoandikwa na kuongozwa na Eran Kolirin wa Israel. Ina dakika 87. Ndani yake hakuna risasi, hakuna fumanizi, hakuna anayefukuzwa barabarani. Watu wanakosa kufika waendako, wanalala kwa wasiowajua, asubuhi wanaondoka. Mwanzoni kabisa mtazamaji anaelezwa kwamba tukio lenyewe halikuwa muhimu sana na kwamba wanaolikumbuka ni wachache.

Pamoja na hayo, filamu hiyo ndogo imezunguka dunia, imechukua tuzo, imezaa tamthilia ya muziki iliyotikisa New York, na imegombaniwa na watu ambao wengine hawakutaka hata ionyeshwe. Kwa msomaji ambaye riziki yake iko kati ya nchi mbili, filamu hii inamhusu kwa karibu. Inatazama kinachotokea pale mipango rasmi inapokwama na mgeni akabaki mikononi mwa mwenyeji ambaye hakumtarajia.

Herufi moja, mji mwingine

Kilichowapoteza askari hao wa muziki ni herufi moja. Walikuwa wakienda Petah Tikva, mji halisi ulio jirani na Tel Aviv. Kiarabu hakina sauti ya P, na wasemaji wake wengi huitamka kama B. Haled, kijana mtanashati wa bendi, ndiye anayetumwa kuuliza usafiri. Anauliza huku akimchombeza dada wa tiketi, akitumia mistari yake ya siku zote kuhusu Chet Baker, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani. Kinachotoka dirishani ni tiketi za Bet Hatikva, mji ambao Kolirin ameubuni kwa ajili ya hadithi yake.

Aliyezoea stendi za ukanda huu hatashangaa. Kuna Mbale mashariki mwa Uganda, kuna Mbale ya Vihiga magharibi mwa Kenya, na ukibadili herufi ya mwisho umefika Mbala, kaskazini mwa Zambia. Kuna Kabanga ya Ngara, karibu na mpaka wa Burundi, na kuna Kabanga ya Kasulu, mkoani Kigoma. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda, na mzigo ulioandikwa Busia tupu lazima uzae swali la pili. Sauti nazo zina mambo yake. Wapo wanaobadilishana R na L kwa sababu lugha ya nyumbani kwao haizitenganishi, na jina la mteja au la kijiji likipita katika vinywa vitatu linaweza kufika likiwa jingine.

Katika biashara, kosa la namna hiyo huhesabiwa kwa nauli iliyopotea na nyanya zilizoiva kupita kiasi. Filamu inalihesabu vingine. Kama kila kitu kingekwenda kama kilivyopangwa, bendi ingepokewa kwa maua, ingepiga muziki, ingepigiwa makofi na kurudi Alexandria bila kuijua nyumba hata moja ya Israel.

Usiku mmoja katika nyumba za watu

Mama mwenye mkahawa anaitwa Dina. Ameigizwa na Ronit Elkabetz, mmoja wa waigizaji wakubwa wa Israel, aliyefariki mwaka 2016. Dina ana maneno makavu na macho yaliyochoka na mji wake. Anawalisha wageni, kisha anawagawa. Tawfiq na Haled watalala kwake. Wengine watabaki mkahawani. Waliosalia watakwenda kwa Itzik, kijana asiye na kazi, ambaye mkewe hafurahii hata kidogo kuletewa wageni usiku ule.

Mezani kwa Itzik panatawala kimya ambacho kila mtu aliyewahi kukaribishwa ugenini kwa kulazimika anakijua. Wageni hawajui waseme nini. Wenyeji hawajui waulize nini. Kijiko kikigonga sahani kinasikika. Kimya hicho kinavunjwa na muziki, wazee wanapokumbuka enzi zao na Wamisri na Waisraeli kujikuta wakiimba pamoja Summertime, wimbo wa Mmarekani George Gershwin, ambao si wa kwao wote.

Katika nyumba hiyo hiyo yumo Simon, msaidizi wa Tawfiq. Miaka mingi nyuma alianza kutunga kipande kikubwa cha muziki akakwama baada ya mwanzo. Baadaye usiku, wakiwa katika chumba alimolala mtoto mchanga, Itzik anampa wazo: labda muziki ule hauhitaji kumalizika kwa tarumbeta na kishindo. Labda unamalizika ghafla, kama chumba kile, wenye taa ndogo, mtoto aliyelala na upweke mwingi. Asiyejua kusoma noti za muziki ndiye anayemsaidia mtunzi.

Dina naye anamtoa Tawfiq kwenda kula. Wanaishia kwenye benchi, mahali Dina anapopaita bustani ingawa hakuna bustani ya kuonekana. Anamuuliza inakuwaje mtu anapoongoza bendi. Tawfiq, ambaye maneno humtoka kwa shida, ananyanyua mikono na kumwonyesha, naye Dina anaiga. Dina anamsimulia jinsi utotoni kwake filamu za Misri zilivyoonyeshwa kwenye televisheni ya Israel siku za Ijumaa, na watu wote wakawa ndani wakimtazama Omar Sharif. Polepole Tawfiq naye anafunguka kuhusu mkewe na mwanawe, wote marehemu, na ukali wake mwenyewe unaomtafuna. Hapo mtazamaji aliyekuwa akitabasamu anajikuta kimya.

Na nje, kando ya kibanda cha simu, kuna kijana anayesubiri mpenzi wake apige. Anasubiri kila usiku. Mtu wa bendi anayetaka kuitumia simu hiyo kutafuta ubalozi wake lazima kwanza akabiliane na macho ya kijana huyo.

Kicheko kinatoka wapi?

Wengi wakisikia neno vichekesho wanatarajia kelele: mtu kuanguka, mume kujificha uvunguni, mama mkwe kugombana na jirani. Vichekesho hivyo vina nafasi yake na vimewalisha wasanii wengi Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. The Band's Visit inachekesha kwa njia nyingine. Kamera inatulia. Watu wanapangwa kama waliosimama kupigwa picha ya pasipoti. Hakuna anayecheka, na hakuna anayejua kwamba anachekesha.

Mfano mzuri ni ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Papi, kijana wa mji ule, ana hofu ya wasichana kiasi kwamba hawezi kusema neno. Pembeni yake ameketi binti anayelia. Upande wa pili ameketi Haled, mtaalamu wa mambo hayo. Watatu hao wako kwenye benchi moja, wakitazama mbele, na kamera haiondoki. Haled anampa Papi leso, Papi anampa binti. Haled anaweka mkono gotini kwa Papi kumwonyesha, Papi anaweka mkono gotini kwa binti. Hatua kwa hatua, bila neno, mwalimu anafundisha na mwanafunzi anarudia papo hapo. Kama mwongozaji angekatakata tukio hilo vipande vipande, likaoneshwa uso wa huyu kisha wa yule, kicheko kingekufa. Kinaishi kwa sababu wote watatu wanaonekana pamoja kwa muda wote, na mtazamaji anaiona hatua inayofuata kabla ya Papi.

Huo ndio ufundi wa filamu za taratibu. Zinampa mtazamaji muda wa kugundua mwenyewe. Kolirin hakuuanzisha. Mmarekani Jim Jarmusch aliutumia katika Stranger Than Paradise mwaka 1984, na Aki Kaurismäki wa Finland amejenga kazi yake yote juu ya watu wasiosema sana. Mojawapo ya filamu za Kaurismäki, Le Havre ya mwaka 2011, inamhusu mng'arisha viatu wa mji wa bandari nchini Ufaransa anayemficha mtoto wa Gabon aliyeingia nchini ndani ya kontena. Haikutokea kwa bahati kwamba filamu za mwendo huu hupenda wageni, bandari, stendi na mipaka. Huko ndiko watu hukaa bila la kufanya, na asiye na la kufanya huonyesha alivyo.

Wanaojua kusubiri

Kusubiri ni sehemu ya kazi ya mpakani. Hata baada ya vituo vya huduma kwa pamoja kujengwa Namanga, Rusumo, Mutukula, Busia na Malaba, ili nyaraka zikaguliwe sehemu moja badala ya mbili, bado mtandao hukatika, karatasi hupungua sahihi, na gari la mbele huharibika. Mwezi Mei 2020, wakati wa janga la korona, foleni za malori ziliendelea kwa kilomita nyingi upande wa Malaba na Busia, madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa kwa biashara kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022.

Katika kusubiri huko hutokea mambo yasiyoingia kwenye takwimu za forodha. Dereva hukopeshwa chakula na mama lishe asiyejua hata jina lake la pili. Wakala wa upande mmoja humlaza wakala wa upande wa pili. Mwenye duka huweka magunia ya mtu ndani hadi kesho bila risiti. Biashara nyingi zinazodumu miaka kumi zilianza kwa usiku wa namna hiyo, mtu alipokwama na mwingine akasema karibu ndani.

The Band's Visit inaujua usiku huo kwa undani. Inajua aibu ya mgeni mwenye cheo anayelazimika kukubali kitanda cha kuazima. Inajua pia upande wa pili, ambao husahaulika: uchovu wa mwenyeji, mke aliyenuna jikoni kwa sababu hakuulizwa, na fahari ndogo ya mji uliosahauliwa unapopata mtu wa kuupokea. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika filamu hii anayepona, kama yupo, ni Dina kwa saa chache tu. Kolirin hapambi zaidi ya hapo. Hakuna ndoa, hakuna udugu wa kudumu unaotangazwa.

Lugha isiyo ya mtu

Kiarabu hakiongewi na wenyeji, Kiebrania hakiongewi na wageni. Kilichobaki ni Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni cha kubangaiza kwa wote. Tawfiq anakitumia kwa urasmi wa barua ya ofisi. Dina anakitumia kwa kukata maneno. Sentensi zinakwama katikati, mtu anatafuta neno, mwenzake anamsubiri.

Sehemu kubwa ya utamu wa filamu imo humo. Watu wanaokutana katika lugha ambayo si ya yeyote kati yao hawana wa kumsahihisha mwenzake. Wote wako ugenini. Kila mmoja analazimika kusema kidogo na kusikiliza zaidi, na uongo wa maneno mengi unakosa pa kupita.

Lugha hiyo ndiyo iliyoigharimu filamu. Mwaka 2007 ilinyakua tuzo nane za Ophir, ambazo ni tuzo kuu za filamu Israel, ikiwemo ya filamu bora. Kwa kawaida mshindi huyo ndiye anayewakilisha nchi katika Oscar kwenye kundi la filamu za lugha ya kigeni. Waandaaji walihesabu mazungumzo, wakakuta zaidi ya nusu ni Kiingereza, wakaiengua. Israel ikapeleka Beaufort, filamu ya wanajeshi wake nchini Lebanon. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 2019, kisa kama hicho kiliikuta Nigeria. Lionheart ya Genevieve Nnaji, hadithi ya binti anayepigania kampuni ya usafirishaji ya baba yake, iliondolewa kwa sababu hiyo hiyo, ingawa Kiingereza ndicho kinachowaunganisha Wanigeria wa makabila tofauti kazini. Kanuni ziliiona lugha ya kukutania kama lugha ya udanganyifu.

Ukanda huu una bahati ya kuwa na Kiswahili. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Novemba 30, 1999, ilitaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. UNESCO nayo mwaka 2021 iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mpakani, lugha hiyo haikungoja tangazo. Mfanyabiashara wa Bukavu, wa Bujumbura na wa Arusha wanaelewana bei, ubora na siku ya malipo, kila mmoja kwa Kiswahili chake.

Hapo filamu inamchokoza msomaji wa ukanda huu. Kwa Tawfiq na Dina, hakuna mwenye lugha. Kwa Kiswahili, wapo wanaojiona ndio wenye lugha, na mara nyingi humcheka wa Kampala au wa Lubumbashi kabla hajamaliza sentensi. Anayechekwa hujifunza kunyamaza, na mteja aliyenyamaza huhamia duka la pili. Dina hamcheki Tawfiq kwa Kiingereza chake. Anamsubiri amalize.

Kofia juu ya kifaru

Je, siasa iko wapi? Misri na Israel zimepigana vita zaidi ya mara moja. Zilitia saini mkataba wa amani Machi 26, 1979, Misri ikawa nchi ya kwanza ya Kiarabu kufanya hivyo. Tangu hapo wachambuzi wameiita amani baridi: balozi zipo, wananchi hawatembeleani. Chini ya ubaridi huo liko suala la Wapalestina, ambalo mkataba ule haukulimaliza.

Filamu haitoi hotuba hata moja juu ya hayo. Kuna tukio dogo tu mkahawani. Ukutani imetundikwa picha ya kifaru cha kivita. Mmoja wa wanabendi anaitazama, kisha anaitundika kofia yake juu ya picha ile, kifaru kisionekane. Anaendelea kula.

Wapo wanaoona tendo hilo ni la hekima, na wapo wanaoona ni kukwepa. Hoja ya upande wa pili ina uzito. Kufunika kifaru kwa kofia hakukiondoi, na hadithi ya ukarimu inaweza kumfanya mtazamaji wa mbali aamini kwamba tatizo ni kutofahamiana tu, wakati kuna watu ambao ardhi na uhuru wao ndio mgogoro wenyewe. Jambo jingine la kuzingatia ni nani wamo katika filamu. Sasson Gabai, anayemwigiza Tawfiq, ni Myahudi aliyezaliwa Baghdad, Iraq. Saleh Bakri, anayemwigiza Haled, ni Mpalestina. Wazazi wa Elkabetz walitoka Morocco. Mipaka ambayo filamu haiitaji kwa jina imo katika damu ya waigizaji wake.

Filamu iliyokwama mpakani

Kejeli kubwa ilikuja baada ya filamu kukamilika. Kazi iliyohusu bendi ya Misri kupokewa Israel haikupokewa Misri. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Cairo halikuikubali, kwa kuwa vyama vya wasanii nchini humo vina msimamo wa muda mrefu wa kukataa ushirikiano wa kisanaa na Israel hadi haki ya Wapalestina ipatikane. Abu Dhabi nako ilikwama. Wakati huo ilikuwa imeshapita Cannes, Ufaransa, Mei 2007, ikashangiliwa na kupata tuzo ya wahakiki katika kundi lake.

Wafanyabiashara wanaujua mkanganyiko huo kwa sura nyingine. Mahindi yamewahi kuzuiwa mpakani kwa hoja ya sumukuvu, maziwa kwa hoja ya ubora, vifaranga wakachomwa moto, wakati watu wa pande zote mbili wakiendelea kuulizana hali na kudaiana. Makubaliano ya wakubwa na mahusiano ya watu hayasafiri kwa gari moja. Wakati mwingine mkataba hutangulia na watu hubaki nyuma, kama kwa Misri na Israel. Ukanda huu mara nyingi ni kinyume chake: watu wametangulia, karatasi zinawafuata kwa kuchechemea.

Kutoka jangwani hadi Broadway

Filamu yenyewe iliendelea na safari. Nchini Marekani, mtunzi wa muziki David Yazbek na mwandishi Itamar Moses waliigeuza kuwa tamthilia ya muziki. Ilifunguliwa Broadway, New York, Novemba 2017. Mwaka uliofuata ilishinda tuzo 10 za Tony, ikiwemo ya tamthilia bora ya muziki, katika jiji ambalo maonyesho ya aina hiyo huuzwa kwa taa kali, wachezaji wengi na mapambo ya gharama. Baadaye Gabai mwenyewe alikwenda New York kuvaa tena sare ya Tawfiq jukwaani.

Hapo pana funzo kwa watayarishaji wa filamu wa ukanda huu, ambao mara nyingi huambiwa kwamba soko linataka kasi na kelele. Mkahawa mmoja, benchi moja, kibanda kimoja cha simu na sare nane si vitu vya bajeti kubwa. Stendi ya Tunduma usiku, au gesti ya Kasumbalesa mvua inaponyesha, ina malighafi ya kutosha. Kinachohitajika ni mwandishi anayesikia jinsi watu wanavyozungumza, na mwongozaji anayethubutu kuiacha kamera itulie.

Namna ya kuitazama

Mtu anayetaka kuijaribu afahamu mambo machache. Dakika ishirini za mwanzo zinaweza kumfanya adhani simu yake imeganda. Haijaganda. Baada ya hapo jicho linazoea, na vitu vidogo vinaanza kuonekana: jinsi Tawfiq anavyorekebisha kofia yake anapotahayari, jinsi wanabendi wanavyojipanga foleni hata pasipo na sababu. Kwa kuwa mazungumzo mengi ni Kiingereza chepesi, mwenye Kiingereza cha sokoni atafuata bila shida; palipo na Kiarabu na Kiebrania atahitaji kusoma maandishi chini ya skrini.

Haifai kutazamwa katika kibanda cha video chenye mtafsiri anayejaza kila sekunde kwa maneno yake. Watafsiri hao, kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam, wamezifanya filamu za Hong Kong na Nigeria zieleweke kwa maelfu, na ufundi wao ni wa kuheshimiwa. Hapa wangekuwa na kazi ngumu ya kunyamaza. Sehemu nzuri zaidi za filamu hii ni zile ambazo hakuna anayesema kitu.

Asubuhi bendi inaondoka. Inafika Petah Tikva, inapiga muziki uliokusudiwa, Tawfiq anaimba, na filamu inakwisha. Tamasha lile, ambalo ndilo lililoandikwa kwenye mwaliko na kugharamiwa nauli ya ndege, limepewa dakika chache tu za mwisho. Muda wote uliobaki Kolirin ameutoa kwa watu wa mji ambao haumo kwenye ramani, waliowapa wageni chakula, kitanda na nafasi ya kusema jambo moja la kweli kabla ya basi kuja.